Goti Lililoshuhudia Mapema

Ndugu zangu, kabla hatujafungua maandiko naomba niwapeleke uwanjani. Hatutachelewa kurudi.

Kuna mji mmoja wa baridi, katikati ya mashamba ya chai, ambako wanawake wanapocheza mpira wa pete wanaume hufunga maduka ili wakatazame. Kanisa moja la mji huo lilikuwa na timu. Timu hiyo ilikuwa na mchezaji mmoja, mwalimu wa darasa la tatu, umri wake miaka ishirini na tisa. Watu walimwita Mwewe. Mpira ukiwa juu, mikono mitano ikiugombea, ulishuka ukiwa mikononi mwake.

Siku moja, mwezi wa pili, wanacheza na timu ya kata jirani. Mabao thelathini na mawili kwa thelathini na mawili. Zimebaki dakika mbili. Mpira unarushwa kutoka upande wa pili wa uwanja, mrefu, umepita vichwa vya wote. Mwewe anaruka. Anaudaka! Watu wako juu ya mabenchi. Mnajua kanuni ya mchezo huu: ukishadaka, huruhusiwi kukimbia na mpira, lazima usimame pale pale ulipotua. Akatua kwa mguu mmoja. Mwili ukageuka kumtafuta mfungaji. Goti halikugeuka.

Waliokuwa karibu wanasema walisikia mlio, ko, kama kijiti kikavu kinavunjwa. Akatoa pasi akiwa anaanguka. Mfungaji akafunga. Uwanja mzima ukashangilia bao, na ilichukua muda watu kugundua kwamba Mwewe bado yuko chini.

Hospitali ya wilaya walimwambia kwamba kano ya ndani ya goti imekatika, ile inayoushika mfupa wa paja usiteleze juu ya mfupa wa ugoko. Wakamkabidhi kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kubishiwa.

Mama yule akamwambia, "Mwalimu, nitakupa kazi ya miezi tisa."

"Miezi tisa? Mama, mimi sijabeba mimba, nimeumia goti."

"Ya mimba ingekuwa rahisi, hata ukilala mtoto anakua. Hii ukilala haikui."

Akampa kazi. Kuchuchumaa nusu, mgongo ukiwa ukutani. Kupanda na kushuka kidato kimoja cha ngazi kwa mguu ule ule mmoja. Kusimama kwa mguu mmoja kila anapopiga mswaki. Kufunga mpira wa ndani wa baiskeli kwenye mguu wa meza, kuuzungushia kwenye kifundo, na kuvuta. Asubuhi na jioni, kila siku.

Naye alifanya. Nataka mlijue hilo, huyu hakuwa mvivu. Wiki ya kwanza alilia. Wiki ya nne alitupa magongo. Wiki ya nane uvimbe ulikuwa umekwisha, na alikuwa anatembea kwenda shuleni bila kuchechemea. Wanafunzi wake wa darasa la tatu walimpigia makofi mlangoni.

Sasa hapo ndipo sisi watu wa kanisa tunapoingia.

Mzee wa kanisa, mtu mwema, aliyemwombea kila Jumatano, akamfuata nyumbani. "Binti yangu, Mungu ametenda. Utatoa lini shukrani?"

"Mzee, mtaalamu anasema bado miezi sita na zaidi."

"Unaumwa?"

"Hapana, siumwi."

"Unachechemea?"

"Hapana."

"Sasa bado nini? Tutamshukuru Mungu kwa awamu?"

Ninyi mngemjibu nini mzee huyo?  Mwalimu akakubali.

Jumapili ya wiki ya kumi ikafanyika shukrani. Nani hajawahi kuona shukrani ya kanisa la namna hiyo? Kwaya ilitangulia. Kina mama walikuja na khanga na vikapu, watu walileta kuku, mahindi, ndizi. Mwalimu akapewa kipaza sauti. Akasema, "Nilikuwa na magongo, sasa natembea. Nimepona!" Ngoma zikalia. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Aruke tumwone!" Wote wakadakia. Na yeye, kwa furaha aliyokuwa nayo, akaruka. Mara moja. Akatua kwa miguu yote miwili. Kanisa likalipuka kwa vigelegele.

Jumatatu asubuhi akatoka uani na mpira wake wa baiskeli. Jirani yake, mama mmoja ambaye hakuna kilichowahi kumpita, akachungulia juu ya ua.

"Mwalimu! Jana si ulituambia umepona?"

"Nimepona, mama."

"Sasa hiyo kamba ya nini? Unafuga mbuzi ndani?"

Akacheka, mwalimu naye akacheka. Lakini Jumanne mwalimu alifanya mazoezi ndani, mlango umefungwa. Jumatano, baada ya ibada, mzee akamvuta pembeni. "Binti yangu, nimesikia bado unafunga funga mguu. Usiwape watu maneno. Watasema tulimpelekea Mungu shukrani ya uongo."

Alhamisi hakufanya. Wiki iliyofuata alifanya mara moja. Mwezi wa tano ulipoanza, ule mpira wa baiskeli ulikuwa chini ya kitanda.

Ndugu zangu, angalieni jambo lililotokea. Mtu huyu hakuacha dawa yake kwa uzembe. Hakuiacha kwa kukosa imani. Aliiacha kwa sababu alikwisha shuhudia. Angeonekana akijitibu, ushuhuda wake ungeonekana haukuwa wa kweli. Akalinda ushuhuda, akaliacha goti.

Na timu? Timu ilikuwa inakwenda kama moto wa nyikani. Robo fainali ya kombe la wilaya, wakashinda. Nusu fainali, wakashinda. Tangu kanisa lile lijengwe halijawahi kufika fainali, na sasa fainali ilikuwa Jumapili, saa nane mchana, dhidi ya wanawake wa kiwanda cha chai, mabingwa wa miaka minne mfululizo. Mji mzima ulikuwa na swali moja: Mwewe anacheza? Nahodha wa timu alikwisha kumwandikia jina kwenye orodha. Jezi yake ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi.

Ijumaa mwalimu akapanda hospitalini. Alitaka kusikia neno moja tu, "cheza." Kwa maana kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Mara mbili mwezi ule, akiteremka kilima cha shuleni, goti lilimwachia. Halikuuma. Liliachia tu, kama mlango usio na komeo.

Yule mama mfupi akachukua futi ya fundi cherehani, akapima mapaja. La mguu mzima, sentimita hamsini na mbili. La mguu ulioumia, arobaini na nane.

"Njoo kwenye korido," akasema. "Ruka kwa mguu mzima, mara tatu mfululizo. Tuhesabu vigae."

Mwalimu akaruka. Vigae kumi na viwili.

"Sasa huo mwingine."

Akaruka mara moja. Ya pili akayumba. Ya tatu hakuifika, akashika ukuta. Vigae vitano.

Mama yule hakumgombeza. Alimuuliza, "Uliacha lini?"

"Baada ya shukrani."

"Shukrani ya nini?"

"Ya kupona."

Wakakaa kwenye benchi la korido. Mama akasema, "Mwalimu, maumivu yameondoka, nguvu haijarudi. Hayo ni mambo mawili, na watu wengi huyachukulia kuwa ni moja. Kano haipo. Kinachoweza kulishika goti lako ni nyama ya paja, na nyama ya paja umeiacha ikaisha. Jumapili ukitua vibaya mara moja, utapasua gegedu, ule mto ulio kati ya mifupa. Gegedu halioti tena kama kucha. Ukifika miaka arobaini utapanda ngazi za shule kwa kushika ukuta, na kila mvua itakayokuja utaijua kabla ya watu wa hali ya hewa."

"Na nisipocheza?"

"Usipocheza, ukaanza upya Jumatatu, una goti. Si lile la zamani. Lakini ni goti la kutembelea maisha yako yote, ukilitunza maisha yako yote."

Ndugu zangu, kwa kumwambia hivyo, kazi ya mtaalamu ilikuwa imekwisha. Kilichobaki hakikuwa cha hospitali. Kilichobaki kilikuwa Jumapili.

Jumapili ikafika. Kanisa limejaa hadi nje. Wachezaji wamekaa mabenchi matatu ya mbele, wamevaa jezi. Kwaya imesimama. Mzee wa kanisa ameshika kipaza sauti, na furaha imemjaa hata hawezi kusubiri matangazo yaishe.

"Kabla hatujaiombea timu," akasema, "Mwewe yuko wapi? Mwewe! Njoo mbele! Waoneshe watu wa kiwanda kwamba Mungu wetu hafanyi kazi nusu!"

Ngoma zikaanza. "Aruke! Aruke! Aruke!" Watoto wamepanda juu ya mabenchi. Mwalimu akasimama, akatembea hadi mbele. Mzee akampisha. Wote wakasogea kumpa nafasi ya kuruka.

Akanyoosha mkono, akaomba kipaza sauti.

"Siruki," akasema.

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Ngoma zikaendelea.

"Siruki. Sijapona."

Ngoma moja ikanyamaza, kisha ya pili. Mzee akamsogelea, akamnong'oneza, na kanisa zima likamsikia: "Binti yangu, kipaza sauti kiko wazi."

"Najua, mzee. Ndiyo maana nasema." Akawageukia watu. "Wiki ya kumi niliwaambia nimepona. Nilichokuwa nacho ni kwamba uvimbe umekwisha. Nilitamani sana iwe kupona. Baada ya siku ile niliona aibu kuonekana nikifanya mazoezi, nikaacha. Sasa goti linaniachia nikiteremka kilima. Leo sitacheza. Kesho naanza upya, uani, mlango wazi. Mama jirani, uje utazame vizuri."

Nahodha akainuka kwenye benchi. "Mwalimu! Saa nane tuko uwanjani! Unatuambia saa nne?"

"Nisamehe, nahodha. Bora nikuangushe saa nne kuliko niangushwe saa nane."

Na kutoka nyuma, sauti ya mzaha: "Na kuku wetu je?"

"Kuku aliliwa!" akajibu mwingine, na kicheko kikapita kama upepo, kisha kikaisha. Baada ya kicheko hakuna aliyejua afanye nini. Mzee alikuwa anatazama sakafu. Mchungaji alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mkono mmoja juu ya maandiko, hajainuka. Mwalimu akageuka ili arudi kwenye nafasi yake.

Mngedhani hadithi inaishia hapo, sivyo? Mwanamke mkweli, kanisa limeaibika, twendeni nyumbani tukajifunze kufanya mazoezi. Subirini.

Sauti ikatoka kwenye benchi la karibu na mlango. "Mwalimu, usishuke. Kaa hapo hapo. Nakuja."

Alikuwa fundi ujenzi, mtu wa makamo. Wote walimjua, kwa sababu mwaka uliopita alisimama pale pale na kushuhudia kwamba ameacha pombe. Akapita katikati ya kanisa, viatu vyake vinasikika. Akachukua kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mlinipigia vigelegele," akasema. "Niliacha siku arobaini. Siku ya arobaini na moja nilikunywa. Zamani nilikuwa nakunywa na watu. Tangu mnishangilie nakunywa peke yangu, chumbani, kwa sababu sikuona mtu wa kumwambia. Wote mlikwisha kushangilia." Akamtazama mwalimu. "Na mimi sijapona."

Akasimama karibu na mwalimu.

Kisha mama mmoja wa kikundi cha maombi, ambaye yeye na mumewe walipatanishwa mbele ya kanisa wakakata keki: "Bado tunalala vyumba viwili. Hata hatugombani. Hatuongei." Mumewe alikuwa benchi la wanaume. Alibaki ameketi kwa muda ambao kila mtu aliuhesabu. Akainuka. Akaenda kusimama, si karibu sana naye, lakini upande wake.

Akaja kijana aliyeshuhudia kwamba amemsamehe kaka yake. Akaja mjane aliyeshuhudia kwamba machozi yamefutwa. Mzee wa kanisa, ambaye kipaza sauti kilikuwa kimekwisha kumtoka mikononi, akaona foleni inafika katikati ya kanisa, akafanya alichozoea kufanya mambo yanapokuwa magumu. Akainua mkono kuiashiria kwaya, waimbe!

Kwaya haikuimba. Kinanda hakikulia. Mzee akageuka kumtafuta mwalimu wa kwaya.

Mwalimu wa kwaya alikuwa kwenye foleni.

Ndugu zangu, siku hiyo mchungaji hakuhubiri. Ibada iliisha saa nane kasorobo. Timu ilikimbia uwanjani bila kula, bila Mwewe, wakafungwa na wanawake wa kiwanda kwa tofauti ya mabao saba. Nawaambia kama ilivyokuwa. Walifungwa. Na watu waliokuwepo wanasema hawajawahi kuona mashabiki wa timu iliyofungwa wakirudi nyumbani wakiimba namna ile, wala hawajui hasa walikuwa wanaimbia nini.

Mwalimu alianza upya Jumatatu. Hakupewa tena miezi tisa. Mama mfupi alimpa kumi na miwili. Mama jirani alikuja kutazama, wiki ya tatu akaanza kuchuchumaa ukutani naye, kwa sababu ya magoti yake mwenyewe ya uzeeni. Mwalimu alirudi uwanjani, akacheza misimu mitano. Leo ana miaka arobaini na mmoja. Siku za baridi goti humkaza asubuhi, hulinyoosha kwa dakika kumi kisha huteremka kilima hadi shuleni bila kushika chochote. Na bado, mara tatu kwa wiki, anafanya mazoezi yale yale. Ukimuuliza lini atamaliza, atakuuliza na wewe lini utamaliza kuosha vyombo.

Na fundi ujenzi? Sitawaambia kwamba aliacha pombe siku ile. Nimeapa leo sitatoa ushuhuda wa mapema. Nitawaambia hili tu: kila jioni ya siku ya malipo, wanaume wawili wa kanisa lile humngojea kwenye lango la eneo la ujenzi, wakatembea naye hadi kwake. Wanafanya hivyo hadi leo.

Sasa nasema nasi, mimi na ninyi tulioketi hapa.

Sisi tunapenda mtu aliyekwisha kupona. Tunapenda mwenye magongo mkononi, siyo kwapani. Tukiona uvimbe umekwisha tunaleta ngoma, na ngoma zetu ni nzuri, Mungu anazipenda. Lakini ni nani kati yetu amewahi kurudi kwa mtu wiki ya kumi na moja? Nani amewahi kumuuliza aliyeokoka mwaka jana, "Jioni zako zinakwendaje?" Nani amewahi kuwauliza wanandoa tuliowapatanisha, "Mnaongea?" Hatuulizi. Tulikwisha kushangilia. Na kwa kushangilia tukawafungia mlango wa kusema, bado.

Kwani Mungu anahitaji tumsaidie kwa uongo mdogo? Hivi Yeye aliyeanza kazi kwa mtu ataona haya watu wakijua kwamba kazi inaendelea?

Wapo hapa leo watu walioacha mazoezi yao kwa sababu ya ushuhuda wao. Ulisema umesamehe, ukaacha kuomba juu ya jambo lile, na sasa likitajwa jina la mtu huyo goti linaachia. Ulisema umeacha, na umeweka chupa mahali mkeo hajui. Huumwi. Unatembea vizuri. Jumapili unaruka kama wengine. Wewe mwenyewe unajua ni vigae vingapi.

Nami nawaambia, kukosa maumivu si nguvu. Nguvu hurudi taratibu, kila siku, kwa jambo dogo lile lile, mbele ya majirani, bila haya. Na iliyorudi hutunzwa. Hakuna siku utakayoamka ukakuta imejitunza yenyewe.

Leo kwenye ratiba yetu tuna shukrani mbili. Nimeziona. Tutazipokea kwa vigelegele, na mimi nitakuwa wa kwanza kucheza. Lakini kabla ya hapo kuna jambo moja. Mmezoea niwaambie, mgeukie jirani yako umwambie hivi na hivi. Leo msimwambie kitu. Mgeukie jirani yako, mtazame usoni, umuulize: "Bado nini?"

Kisha nyamaza. Mpe nafasi ajibu. Mimi sina haraka. Nitakaa hapa nisubiri.